Haukupandwa

Nsia wa idara ya misitu alifika Isevya asubuhi,
soksi amezivuta juu ya suruali kwa kuogopa kupe,
na daftari lenye mistari minne:
jina la kienyeji, maana, matumizi, nani kasema.
Mama akamwambia, anza na ua, mwanangu,
nyumba utaifikia baadaye.

Ua wa mama haujanyooka tangu niujue.
Fito zimeoza; kilichosimama
kimesimamishwa na kilichokiparamia.
Mimi nilishika tepu. Kusema alisema yeye.

Dodoki, andika.
Maana yake? Maana yake kuoga.
Siku hizi hata wavu wa plastiki dukani kwa Mihayo
unaitwa dodoki.
Mmea umebaki uani, jina limekwenda kupanga mjini.

Kunde. Majani tunayaanika yanakuwa nsansa,
na ukitaka kumsifu mtu bila kumsifu sana
unasema ni wa maji ya kunde.
Nsia akautazama mkono wake mwenyewe,
akaandika kitu kirefu.

Huu mbungo. Tunda chachu,
linatoa mate hata kwa aliyeshiba.
Lakini sikiliza vizuri usije ukakosea kuandika:
mbungo ni wa kuliwa, mbung'o ni wa kukimbiwa.
Ng'ombe wa shemeji yangu kule Urambo
walikwisha kwa kialama hicho kimoja.

Upupu hatukuutaja.
Nsia alikwisha kuujua kwa shingo.

Pembeni, juu ya mnyaa, nyuzi za njano,
hazina jani, hazina mzizi,
kama tambi zilizomwagika zikasahauliwa.
Mlangamia, mama akasema, akanyamaza.
Maana?
Nikaiangalia tepu. Nilijua.

Mwaka wa sabini na tano Mwavita wa Ujiji
aliingia nyumba hii na sanduku la bati na debe la dagaa,
hana shangazi, hana mjomba wa kumsindikiza.
Bibi yangu Kalunde, aliyekwisha kumchagua mkwe wa Sikonge,
alisema mbele ya wageni, sinia la ugali katikati:
Mlangamia huyu. Mzizi hana, kukumbatia anajua.

Jina likashika.
Miaka tisa kisimani aliitwa hivyo,
mwishoni hata kwa upole,
kama mtu anavyoitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Ukiung'oa unakatika, mama alimwambia Nsia,
na kila kipande kinaanza maisha yake.
Mkwe wangu aliung'oa kila masika.
Halafu akapooza upande wa kulia.
Nani alimwogesha miaka minne, kwa dodoki la ua huu huu,
akimgeuza taratibu, kwanza bega, kisha kiuno?
Hilo liweke kwenye matumizi.

Nsia aliandika, akafuta, akaandika.
Kisha akauliza lile swali la mwisho
ambalo nadhani huuliza kila ua:
na huu, mama, nani aliupanda?

Haukupandwa. Ulipanda wenyewe.
Kama mimi. Hapa sikupandwa.
Nilipanda: gari moshi, daraja la tatu,
usiku, kutoka Kigoma, nauli ya kukopa,
nimesimama mpaka Uvinza ndipo mtu akanisogezea gunia la chumvi nikae.

Alicheka peke yake, akaingia ndani kutafuta matobolwa ya mgeni.

Nikalichungulia daftari.
Mlangamia. Maana: pakavu,
mshale mdogo tu wa kalamu ukishuka
kupita matumizi, ambayo yalijaa mpaka pembeni,
hadi mstari wa nne.